Chipu ya Miguu Minane Katika Chumba cha Mama Mkwe

Mwaka huo mvua za masika zilianza mapema, na shemeji yangu naye akaanza maneno yake mapema. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu. Ana kazi nzuri mjini, ana pikapu, na tangu baba yao azikwe alikuwa ameshikilia kwamba mama yao hawezi kuendelea kuishi peke yake kijijini, huku upande wa Kaplong. Magoti ya mama yalikuwa yamekataa kuchuma majani chai. Shamba la michai alikuwa amemkodishia jirani, akabaki na ng'ombe mmoja na kuku wachache wa kienyeji.

Tulikuwa sebuleni kwake, likizo ya Aprili, sahani zikiwa bado mezani, shemeji alipofuta mdomo na kusema, "Mama, sasa yatosha. Mwezi ujao nakuja na gari, tunapakia vitu, unakuja kukaa na sisi. Ng'ombe tutauza."

Mama mkwe alimaliza kutafuna kwanza. Hana haraka yule mama. "Na huko kwako nitafanya nini?"

"Utapumzika! Kwani kupumzika ni kosa?"

"Nitapumzika nikifa," akasema. "Sikia. Hapa kila mwanamke anatafuta vifaranga vya kienyeji na hakuna pa kuvipata. Mimi nitaviangua. Naweka mayai sitini. Yakianguliwa, sitoki hapa, na usiniletee tena hayo maneno. Yakioza, leta hiyo gari yako, nitapanda mwenyewe."

Shemeji alicheka, akasema sawa, na watoto wote wakashuhudia. Kisha akauliza ni kuku gani wa kulalia mayai sitini. Mama mkwe akamgeukia mke wangu. "Bwana yako si fundi? Muulize kama anaweza kutengeneza sanduku la kuangua."

Mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake. Mke wangu akanigeukia, akaniuliza kama naweza. Nikamwambia naweza. Akamgeukia mama yake, akamwambia anaweza. Hakuna aliyeona ajabu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Sisi wazazi wetu walitoka milima ya upande wa magharibi wakaja huku kutafuta kazi ya majani chai, na heshima ya mkwe walikuja nayo mzima mzima. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono. Kiti alichokalia sikikalii. Tukikutana njiani nampisha, tunasalimiana kila mtu akitazama majani ya pembeni, basi. Na chumba anacholala, hata mlango ukiwa wazi, macho yangu hayaingii, sembuse miguu. Vijana wa siku hizi wanacheka wakisikia haya. Wacheke. Mimi nina miaka kumi na saba kwenye ndoa na sijawahi kugombana na mama mkwe hata mara moja, na sijui ni wangapi kati yao watasema hivyo.

Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya udhibiti katika kiwanda kimoja cha majani chai, upande wa Kericho. Feni za kunyausha majani, joto la vikaushio, vipimo vya unyevu, vyote vinapita mikononi mwangu. Kwa hiyo sanduku la kuangulia mayai halikunitisha. Mbao, mabalbu manne ya zamani yale ya kutoa joto, kifeni cha kusambaza hewa, kipimajoto cha waya, na karai la maji chini. Kitu cha kufikiria kilikuwa kimoja tu: nani atayawasha na kuyazima yale mabalbu, usiku na mchana, siku ishirini na moja, joto lisipande wala kushuka?

Hapo ndipo maikrokontrola inapoingia. Ni kompyuta nzima iliyokaa ndani ya chipu moja. Unaiandikia amri mara moja, inazishika, na hata stima ikipotea mwezi mzima, ikirudi inaanza kazi pale pale bila kukuuliza. Ziko za kila aina na kila bei, na mtu akiniambia zote ni sawa huwa nakasirika. Mwenzangu wa karakana, jamaa mmoja kutoka upande wa ziwa, mcheshi na mbishi kama mimi, alitaka niweke ile bodi inayozungumza na simu. "Unakaa hapa unakunywa chai, unaona joto la mayai ya mama mkwe kwenye simu," akasema. "Dunia imeendelea, bwana." Nikamwambia nyumba ya mama mkwe iko bondeni, na ukitaka kupiga simu pale unapanda hadi kwenye tangi la maji. Bodi itazungumza na nani? Akasema basi niweke ile ya buluu wanayotumia wanafunzi wa chuo kule Kabianga. Ni bodi nzuri, hata mimi nilijifunzia hiyo. Lakini ina vitu ishirini ambavyo yai halivihitaji, na kimoja kikifa, imekufa yote.

Tulibishana juma zima, wakati wa chai ya saa nne. Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikutaka kumwambia, nikijua atacheka. Mama mkwe alikuwa ameshaamua sanduku litakaa wapi. Jikoni kuna moshi. Sebuleni kuna upepo wa mlango na watu wanaoingia na kutoka. Litakaa chumbani kwake, kando ya kitanda, ambako kuna soketi ya stima na mlango wenye kufuli. Yaani mtambo wangu utafanya kazi mahali ambapo mimi siwezi kukanyaga. Kiwandani kitu kikiharibika nainuka na kisanduku changu cha vifaa. Pale nitainuka niende wapi?

Nikachagua ile ndogo kabisa. Chipu ya miguu minane, nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Bei yake ni ya chini hivi kwamba unanunua kadhaa bila kumweleza mke. Na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hailazimiki kulehemiwa. Unalehemu soketi yake kwenye ubao, halafu chipu yenyewe unaibandika kwa kidole na kuing'oa kwa ncha ya kisu. Ikisumbua, mke wangu ataing'oa, ataniletea ndani ya kiberiti, nami nitairekebisha nikiwa kwangu. Mguu mmoja usome joto, mmoja uwashe mabalbu, mmoja taa ya kijani ya kusema mambo ni sawa, mmoja taa nyekundu. Sikuweka skrini wala vibonyezo. Nilijiona mtu wa akili sana.

Niliijaribu pale karakana siku tano. Joto lilikaa pale pale, nyuzi thelathini na saba na nusu, halitikisiki. Hata nilichomoa waya na kuurudisha, ikaamka vizuri kila mara. Mwenzangu alikuja akaangalia, akaenda zake. Nilifurahi siku hiyo kuliko nilivyofurahi siku ya kupandishwa cheo.

Jumapili tukalipeleka. Kulifunga ndiko kulikuwa kichekesho. Mke wangu chumbani, mimi nje, nimesimama kwenye matope chini ya dirisha, pazia limefungwa, napiga kelele: "Waya mwekundu! Mwekundu, mama watoto! Uko wapi?" Naye kutoka ndani: "Iko miwili myekundu!" Haki, jasho lilinitoka. Jirani wa mama mkwe, mama mmoja Mkipsigis anayeuza maziwa, alipita njiani na ndoo yake, akanisalimia "Chamgei" na kusimama kunitazama nikigombana na pazia. Mwishowe taa ya kijani ikawaka, mayai sitini yakapangwa, nikapewa chai barazani. Mama mkwe akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie amefanya vizuri."

Maagizo niliyoacha yalikuwa mafupi. Mayai yageuzwe mara tatu kwa siku, maji yasikauke, na taa ya kijani ikiwaka, hakuna shida.

Juma la kwanza mke wangu alipiga simu kila jioni. "Mama, mashine iko aje?" "Iko sawa. Taa ni ya kijani." Juma la pili, mvua ikanyesha kama ilivyozoea kunyesha huku kila alasiri, na ngurumo zake, na miti ikiangukia nyaya. Stima ikawa inapotea na kurudi, inapotea na kurudi. "Mama, mashine?" "Iko sawa. Taa ni ya kijani." Mimi nikiwa pembeni natabasamu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kutengeneza ya pili niuze.

Kisha, Sabato ya pili, tukasikia mama hakuonekana kanisani. Sisi ni watu wa Sabato, na yule mama hata magoti yakimuuma namna gani, Jumamosi anafika kanisani kabla ya mwenye funguo. Mimi nilisema labda ni mvua. Mke wangu akashindwa kutulia, akaenda mwenyewe kumwona mchana huo huo.

Alirudi jioni hiyo, akaweka kiberiti mezani mbele yangu. Ndani ilikuwa chipu yangu; mahali pake alikuwa amebandika ile ya akiba, yenye amri zile zile, akiielekeza kama alivyoikuta ya kwanza.

"Mama si mgonjwa," akasema. "Mama amefungwa jela na mashine yako."

Akanieleza. Kila stima ilipopotea ikarudi, taa ya kijani iliwaka kweli, lakini mabalbu yalibaki yamezima. Mama aligundua siku ya tisa. Hakuhitaji kipimo. Alichukua yai akaliweka kwenye kope la jicho, kama alivyofundishwa na nyanya yake, akahisi limepoa. Akachomoa waya ukutani, akahesabu hadi kumi, akaurudisha, mabalbu yakawaka. Tangu siku hiyo hakutoka nyumbani. Stima ikirudi, anaamka kuchomoa na kurudisha. Kanisani hakwenda, dukani alituma watu, kisimani alituma watu. Alikuwa analala kwa vipande.

"Na kwa nini hakusema?" nikauliza, sauti imepanda. "Siku zote anasema iko sawa!"

Mke wangu akaniangalia. "Ulimwambia taa ikiwa ya kijani hakuna shida. Ilikuwa ya kijani. Ulitaka amwambie mkwe wake kwamba kitu alichomtengenezea ni kibovu? Wewe ungekuwa yeye ungesema?"

Nisingesema. Nilijua hivyo na nikakasirika zaidi. Mtu akikosea hadharani anaweza kubisha. Mimi sikuwa na wa kubishana naye, maana aliyeumia alikuwa amenisitiri. Niliona aibu, nikiri tu, aibu ya kukosa usingizi.

Sasa hapa nieleze ujinga wangu wote. Jumapili na Jumatatu niliipima ile chipu karakana, ikafanya kazi safi. Jumanne nikaipima tena, safi. Nikatangaza kwamba chipu yangu haina kosa, labda soketi ya ukutani kwa mama ni mbovu. Nilibishana na kila aliyenikaribia. Jumatano mwenzangu aliweka kikombe chake chini, akauliza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, "Bwana, hii kitu umeijaribu na stima ya nani?"

"Stima ni stima."

"Stima ni stima?" Akacheka hadi akashika meza. "Wewe! Hapa ikipotea jenereta inaruka kabla hujapepesa jicho. Ni lini umeona stima ya hapa ikirudi imelegea?"

Ndipo nikakumbuka. Huku kwenye majani chai kuna stima mbili. Ya kiwandani na nyumba za kiwanda, ambayo inakata kama kisu na kurudi kama kisu. Na ya kijijini, mwisho wa laini, ambayo inarudi kwa kusitasita: balbu inakuwa nyekundu kama kaa la moto, inazima, inajaribu tena, ndipo inashika. Nimekaa nyumba za kiwanda miaka mingi hivi kwamba nilikuwa nimesahau ile ya pili, na nimekulia nayo.

Nikachukua ile mashine ya mezani ya kutoa stima kwa kipimo, nikaishusha polepole kwa kifundo, nikaipandisha polepole, nikitetemesha mkono. Mara ya nne chipu ikaganda. Taa ya kijani iliwaka na kazi haikufanyika. Stima dhaifu ilikuwa inaiamsha nusu, na ikiwa nusu macho inasoma amri zake vibaya na kupotea. Na dawa yake imo humo humo ndani ya chipu! Kuna mpangilio unaoiambia: stima ikiwa chini ya kiasi fulani, lala kabisa, usijaribu. Chipu hizi zinatoka dukani mpangilio huo ukiwa umezimwa. Kuuwasha ni kazi ya sekunde. Nilikuwa nimeusoma, nikaupita, kwa sababu kiwandani hauhitajiki. Tena chipu ile ya bei ya chini ndiyo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Aliyekuwa na kasoro ni aliyeichagua.

Alhamisi nikawa na chipu mbili zilizopona. Mke wangu ni mwalimu, na hilo lilikuwa juma la mitihani, hangeweza kutoka hadi Jumapili. Na Jumapili ndiyo siku ya ishirini na moja, siku ambayo shemeji alisema atakuja na pikapu kuona mwenyewe. Kwa bahati yule jirani muuza maziwa alikuwa amekuja Kericho kununua dawa ya ng'ombe. Moja nikaitia kwenye kiberiti, nikampa ampelekee mama, ikae tu kama akiba, mke wangu akifika ndiye ataibadilisha.

Mama mkwe hakungoja. Ijumaa mchana stima ilipotea mara tatu, magoti yakamchosha, akaona kitu alichofanya binti yake na yeye anaweza. Aling'oa ile ya zamani kwa ncha ya kisu, vizuri kabisa, akabandika mpya. Akairudisha stima. Ikatoa moshi.

Jirani alinipigia akiwa amepanda kwenye tangi la maji. "Mkwe, kuja haraka. Hiyo kitu imechomeka."

Nilijua kabla hajamaliza. Chipu ile ina kichwa na miguu, na inaweza kubandikwa kinyume. Alama yake ni kitobo kidogo ambacho hata mimi siku hizi nakitafuta kwa miwani. Sikumwambia mtu. Sikuchora hata mshale. Niliomba ruhusa, nikachukua kisanduku changu cha vifaa, nikakodi bodaboda kwenye mvua, na njia nzima nilikuwa najitukana.

Nilifika yapata saa kumi. Mama alikuwa ameyazungushia mayai chupa za maji moto na blanketi zake zote, kwa hiyo bado yalikuwa hai, siku ya kumi na tisa. Lakini ubao ulikuwa umeungua kipande cha kupunguza stima, na kile ni lazima kilehemiwe. Ubao ule nilikuwa nimeufunga nyuma ya sanduku, nyaya zote zimepita kwenye mbao; kuutoa nje ni kukata kila kitu. Kulihamisha sanduku na mayai yamebakiza siku mbili, hapana. Na jirani hajawahi kushika kifaa cha kulehemu maishani. Nilisimama barazani, maji yananitoka kwenye kofia, mlango wa chumba uko hatua sita mbele yangu. Ningesema nini? Kwamba niingie? Neno hilo halina mahali pa kutokea mdomoni mwangu. Nilifikiria pikapu ya Jumapili. Nilifikiria yule mama akipanda kwenye pikapu kwa sababu ya kitobo nilichoshindwa kukichorea mshale.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, amenigeuzia mgongo kwa heshima. Akamwambia jirani, "Mwambie mkwe wangu angoje hapo nje. Na atazame huko barabarani."

Nikatazama barabarani. Nyuma yangu nikasikia mbao zikisugua sakafu, jirani akihema, mama akimwambia "inua upande wako, usivute." Kitu kikagonga fremu ya mlango. Waliniita nikageuka. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa sebuleni, kimesimamishwa ukutani, godoro limekunjwa juu ya meza, nguo zake ndani ya shuka, viatu vyake vya kanisani juu ya redio. Mwanamke mwenye magoti yale.

"Mwambie hicho si chumba cha kulala," mama mkwe akamwambia jirani. "Hakuna mtu analala humo. Ni chumba cha kuku. Mkwe anaweza kuingia kwa kuku."

Nikavua viatu. Niliingia. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa sanduku langu, na alama nne sakafuni ambapo miguu ya kitanda ilikuwa imekaa tangu nyumba ijengwe. Nilipiga magoti pale nikalehemu, na nitasema ukweli, mara mbili ilibidi nisimame kufuta macho, na haikuwa moshi. Nikabandika ile chipu ya pili iliyopona, nikachora mshale mweupe mkubwa hata kipofu angeuona, nikamwomba jirani achomoe na kurudisha waya mara kumi. Iliamka mara kumi. Nilimaliza jua likiwa bado juu ya michai, maana kwa watu wa Sabato Ijumaa jua likizama kazi inawekwa chini, na mama alikuwa ameshaanza kuangalia dirishani.

Kesho yake alikwenda kanisani. Stima ilipotea mara mbili akiwa huko, na hakuna aliyechomoa waya.

Jumapili tulifika pamoja na shemeji. Aliingia sebuleni, akaona kitanda kimesimama ukutani na nguo zimefungwa ndani ya shuka, uso ukamchangamka. "Vizuri, Mama! Umeshapakia! Mimi nilidhani utanisumbua."

Mama mkwe alimfungulia tu mlango wa chumba. Sauti ilitoka kabla ya kitu kingine chochote, sauti ya vifaranga wanaolia wote kwa pamoja. Shemeji akachungulia. Walikuwa arobaini na wanne, na wengine bado wanatoboa maganda. Alikaa amechuchumaa pale muda mrefu, yule mtu mzima mwenye funguo za gari mkononi, kifaranga mmoja akimpanda kwenye kiatu.

"Sasa, Mama," akasema mwishowe, sauti imeshuka, "wewe utalala wapi?"

"Gari umekuja nalo?"

"Nimekuja nalo."

"Basi usirudi nalo bure. Nenda ukaniletee mbao. Unijengee chumba."

Shemeji akanitazama, mimi nikatazama dari. Mke wangu akacheka kwanza, halafu sote. Jumatatu pikapu ilirudi imejaa mbao na mabati, na mimi nikaomba siku tatu za likizo. Tulijenga mimi na shemeji, bega kwa bega, upande ule wa nyumba unaopata jua la asubuhi. Nilipigilia misumari kila ukuta. Niliweka dirisha, nikafunga soketi ya stima, nikasugua sakafu kwa mkono wangu mwenyewe isimchome miguu. Jumatano mchana kazi ikaisha, na shemeji akaenda na jirani kukibeba kitanda. Nilipowasikia wanakuja nacho, nikakusanya vifaa vyangu haraka, nikatoka nje, na sijaingia tena humo hadi leo.